Maji ya Moto ya Amoni

Kila Jumamosi Roda alichota maji kijitoni, akayabandika jikoni. Kule Isansa, zamani hizo za ukoloni wa Mwingereza, pombe ya ulezi ilinywewa kwa mirija. Wanywaji walizunguka chungu kimoja, na mwenye pombe akaongeza maji ya moto. Maji yakikoma, pombe imekwisha. Ndiyo maana amri ya jumbe ilikuwa fupi: jua likizama, usiongeze maji; aliyelewa, usimwongezee kabisa.

Mama yake Roda, Aida, alikuwa na kibali cha kuuza. Jirani yao Priska naye alikuwa nacho, na watu walijaa kwake. Binti yake Yunisi alikuwa na gauni jipya jekundu. Kila Roda alipoliona, roho ilimuuma kama amekanyaga kaa la moto. "Wana nini wao ambacho sisi hatuna?" alijiuliza.

Jumamosi moja Aida aliitwa kumsaidia mwanamke aliyekuwa akijifungua. "Roda, akija mlevi, mwambie mama hayupo," aliagiza.

Wateja wachache waliokuwepo waliondoka. Mara akaja Amoni, anayumba, mrija mkononi.

"Priska kanifukuza kama kuku!" alilalamika. "Eti nimelewa. Mimi?"

Roda alifurahi. Hatimaye mtu wa kwa Priska amekuja kwao!

"Karibu, baba. Kwetu hatufukuzi watu."

Akamimina maji. Amoni akanyonya, akasifu, akaomba tena. Roda akamimina tena, jua likazama, akamimina tena. "Kesho waambie wenzako pombe yetu ndiyo tamu," alisema.

Amoni hakufika kwake. Alitumbukia kwenye shimo la udongo wa matofali, akavunjika mguu.

Asubuhi Barnaba, tarishi wa jumbe, alisimama uani kwa Priska. Majirani wakakusanyika.

"Amoni alionekana hapa. Lete kibali."

"Nilimkatalia, Barnaba! Alikuwa amelewa tayari."

"Maneno hayo kila muuzaji anayo. Lete."

Yunisi alilia, akifuta machozi kwa lile gauni. Roda alikuwa ametamani siku hii kwa miezi. Sasa imefika. Alimtazama Priska akiingia ndani kuleta kibali chake, akajua kwamba akinyamaza atanyamaza maisha yake yote.

"Ni mimi," alisema. "Mama Yunisi alimfukuza. Mimi nikamwongezea maji, hata baada ya jua kuzama."

Aida alishika kichwa. "Wewe mtoto! Kwa nini?"

"Nilitaka waje kwetu, mama. Waache kwenda kwao."

Barnaba alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Aida, akachukua kibali chake. "Hakuna pombe hapa mpaka mavuno," alisema. "Na kuni za kwa Amoni, binti, utazileta wewe mpaka atembee."

Kesho yake Aida alimsindikiza Roda na mzigo wa kwanza. Walimkuta Amoni amelala, mguu umefungwa vijiti, mkewe analima peke yake.

Njiani kurudi, Aida alisema, "Mwanangu, ulikuwa unatazama gauni. Mimi nilikuwa nahesabu wateja wao, nisikudanganye. Sote wawili hatukuona kitu. Watu wanakwenda kwa Priska kwa sababu wake zao wanajua waume watarudi nyumbani wazima. Anajua kusema 'basi.' Tukipata kibali tena, nasi tutalisema."