Vumbi Chini ya Vitambaa

Mwisho wa mwezi ukiangukia Jumamosi, Moi Avenue haipitiki. Watu wamelipwa, ofisi zimefungwa adhuhuri, na kila duka limetoa spika zake mlangoni kushindana na la jirani. Katika vurumai hiyo Awuor aliingia kwenye duka la vyombo vya stima akiwa amevaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe ya ofisi ya bima anakofanya kazi, nywele zake za kusuka zimefungwa nyuma kwa ribini nyekundu. Alitaka kitu kimoja tu: mashine ndogo ya kufyonza vumbi.

Wauzaji wa Nairobi tunawajua. Ukitaka ndogo, wanakuletea kubwa. Huyu alimvutia dude la magurudumu lililonona kama kondoo wa Krismasi.

"Hii, madam, hata hoteli zinanunua."

"Mimi sina hoteli. Nataka ya kubeba na mkono mmoja."

"Basi chukua hii ya kuchaji. Haina waya, haina maneno."

"Ikizimika kabla sijamaliza?"

"Unachaji tena."

"Na stima ikipotea?"

Muuzaji akakuna kichwa. Nyuma ya Awuor mtu akacheka.

"Chukua ile nyekundu ya waya, hapo juu," sauti ya mwanamume ikasema. "Hiyo ya kuchaji inavuta kama mzee anayekunywa uji na mrija."

Awuor akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati la mikono mifupi, tai ya mistari, viatu vilivyokula vumbi la barabara. Jina lake Kiarie, mwalimu katika shule moja ya udereva.

"Wewe unauza hapa?" Awuor akamuuliza.

"Hapana. Nimekuja kuinunua hiyo hiyo. Imebaki moja, ndiyo maana nakuonyesha haraka kabla sijabadilisha nia."

"Ya nini?"

"Gari. Wanafunzi wangu wakiogopa barabara wanatafuna njugu. Viti vimejaa maganda."

Mashine ikashushwa. Ilikuwa ndogo, ya kuingia kwenye kiondo. Awuor aliipima uzito mkononi, akauliza waya una urefu gani, kisha akauliza jambo ambalo muuzaji hakuwahi kuulizwa.

"Hewa inatokea wapi?"

"Eti?"

"Mbele inavuta vumbi. Nyuma inatoa nini?"

Akataka iwashwe. Akaweka kiganja nyuma ya mashine, akakinusa. Akafungua kikombe cha vumbi, akatoa kichujio, akauliza kama kinaoshwa. Kinaoshwa.

"Haki mimi nimenunua gari bila kuuliza maswali mengi hivyo," Kiarie akasema.

"Ndiyo maana umebaki na maganda."

Kiarie alicheka hadi watu wakageuka. Akamwachia mashine kwa sharti moja, kwamba atakuwa akiiazima wikendi. Na mtu akitaka kuazima kitu lazima awe na namba ya mwenye kitu. Alipofika nje akaflash simu ya Awuor, mlio mmoja tu, ili namba yake ibaki huko, na Awuor akaihifadhi kwa jina la Mwalimu Njugu.

Sasa tuseme ukweli mapema, maana sipendi kumzungusha msomaji. Awuor ana pumu. Anayo tangu utotoni, na vumbi la vitambaa na mazulia ndilo linalomkaba. Nyumba aliyopanga Kileleshwa ina kapeti kuukuu ya mwenye nyumba, ukuta kwa ukuta. Aliwahi kuchumbiwa na kijana mmoja, Isaiah, na mambo yakaenda vizuri hadi shangazi zake Isaiah walipokuja na lile swali la watu wetu: kwenu kuna ugonjwa gani? Awuor akajibu bila kuficha. Shangazi hawakurudi, na Isaiah mwenyewe hakurudi. Kutoka siku hiyo alijiapia kwamba mwanamume mwingine hatajua habari za kifua chake mpaka awe amenasa kabisa. Ujinga? Labda. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi simlaumu sana.

Mapenzi yakaanza kwa simu.

"Halo, mwenye mashine."

"Halo, mwalimu. Leo wangapi wamegonga?"

"Mmoja tu, na alikuwa amegonga pipa la taka. Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Na mashine imekula?"

"Imekula vumbi lote la Kileleshwa."

"Naionea wivu. Inakuona kila siku."

Kisha ikawa ni kutembeleana. Kiarie alikaa nyuma ya maduka ya Adams Arcade, chumba kimoja cha kulala na sebule ya simiti nyekundu, na sofa aliyonunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Awuor alikuja Jumamosi na gauni la maua, marashi mepesi, na kiondo chenye mashine. Lakini kabla hajaketi, aliifyonza sofa yote, hata chini ya mito.

"Swiri wangu, umekuja kunitembelea ama kunifanyia usafi?"

"Napenda usafi tu."

"Lakini nilipiga deki asubuhi."

"Nimeona. Umejitahidi."

Kiarie alicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hakucheka. Alianza kupiga deki jioni na asubuhi, akanunua sabuni ya kunukia malimau, na bado yule mwanamke alitoa mashine yake kwanza. Akajiambia labda nyumba yake inanuka na yeye ameizoea. Hakuuliza, kwa sababu aliogopa jibu.

Mwelu, aliyeketi meza moja na Awuor kule ofisini, ndiye pekee aliyejua.

"Mwambie," Mwelu alisema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akishanipenda kabisa."

"Kwani saa hii anakupenda nusu?"

Awuor akarudi kwenye faili zake. Wiki hiyo hiyo Kiarie akamwambia Awuor kwamba mamake anataka kumwona.

Mama Kiarie anaishi Uthiru, nyumba ya mawe yenye ua wa ng'ombe wawili. Ni mjane, ni mkubwa katika kikundi cha akina mama kanisani, na ana vitambaa. Kama hujui vitambaa vya sofa vya mama wa aina yake, pole. Alivifuma mwenyewe kwa mkono, vyeupe vyenye maua ya manjano, na hukaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Mara ya mwisho kutoka ilikuwa siku askofu alipokuja kula. Siku ya Awuor alivitoa vyote, akavitandika kwenye kila mgongo na kila mkono wa kiti. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo katika nyumba ile.

"Karibu, maitu, karibu," akamwambia Awuor, akimwita mama kama Wakikuyu wanavyomwita binti wanayempenda. "Kaa hapo katikati. Kiarie, kuja unisaidie na chai."

Awuor akaketi. Vumbi la miaka ndani ya sanduku likapanda. Akakohoa mara moja, kifua kikaanza kubana, hewa ikapita kwa filimbi nyembamba. Haraka akavuta dawa kwa inhela yake, akairudisha kwenye mkoba. Lakini vumbi lilikuwa bado pale, puani pake, na ilibidi akae pale hadi chai iishe. Akawaza: kabla hawajarudi. Akavitoa vitambaa vyote, akavikunja vizuri pembeni, akaitoa mashine kwenye kiondo alichokuja nacho, akatafuta soketi, akaiwasha.

Mama Kiarie aliingia na trei, mwanawe nyuma yake na chupa ya chai. Wakasimama. Mashine ikanguruma kidogo kabla Awuor hajaizima.

"Kiarie," mama akasema polepole, "mgeni wako anatafuta nini kwa viti vyangu?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa moja tu. Lakini aliwaona wale shangazi wa Isaiah wakiaga na kushika mikoba yao, na ulimi ukamgeuka.

"Samahani, Mama. Ni mazoea tu. Napenda usafi."

Jamani, Awuor!

Mama Kiarie akaweka trei mezani. Akaokota vitambaa vyake kimoja kimoja, akaenda navyo chumbani, na sanduku likasikika likifungwa. Kisha akarudi akamimina chai.

Gari lilipoingia Waiyaki Way, Kiarie akapunguza mwendo.

"Umemdharau mamangu."

"Sikukusudia, Kiarie. Haki sikukusudia."

"Ameamka kabla ya jogoo kusugua hiyo nyumba. Kwangu nilivumilia. Nilisema ni tabia. Lakini kwa mamangu?"

"Napenda us—"

"Usafi! Na sisi ni wachafu. Si useme tu?"

Awuor alitazama dirishani, machozi yakimlenga. Alimpenda mtu huyu, sauti yake, hata njugu zake. Na bado hakusema. Kiarie akamshusha Kileleshwa bila kuzima gari, na mashine ikawa imesahaulika juu ya sofa kule Uthiru.

Simu zikakatika. Awuor alimflash, hakupigiwa. Alikwangua kadi ya simu akapiga, haikushikwa. Kiarie naye hakuwa sawa. Mwanafunzi mmoja alipita taa nyekundu mbele ya macho yake na yeye akasema vizuri sana. Nyumbani aliendelea kupiga deki mara mbili, sijui kwa ajili ya nani.

"Hebu nikuulize," Mwelu akamwambia Awuor walipokuwa wakila viazi mchana. "Isaiah alijua ukweli, akaenda."

"Ndiyo."

"Huyu hajui, na ameenda. Sasa unaficha ili upate nini?"

Awuor alisukuma sahani. Jumapili hiyo hakwenda Adams Arcade. Alipanda gari za Uthiru, kwa sababu aliyemkosea zaidi alikuwa huko. Alivaa rinda la bluu na viatu bapa, na hakujipaka hata marashi.

Mama Kiarie alikuwa ametoka kanisani, anachambua mboga uani.

"Umekuja kuchukua mashine yako," akasema bila kusimama.

"Hapana, Mama. Nimekuja kusema kitu nilichoficha. Nina pumu. Vumbi likinipata sipumui. Siku ile nilikuwa nimebanwa na niliogopa kukwambia, kwa sababu nilishawahi kuachwa kwa hiyo. Vitambaa vyako ni vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Nilikosea, na nampenda Kiarie."

Aliyasema yote bila kuvuta pumzi, na kwa mtu mwenye pumu si jambo dogo. Mama akaacha mboga.

"Kwa hivyo lilikuwa vumbi la sanduku langu?"

"Ndiyo."

"Na ungekufa kwa kiti changu kwa sababu ya aibu? Ningewaambia nini watu wa kanisa?"

"Sijui, Mama."

"Hujui! Mimi pia sijui!" Alikuwa na hasira kweli, lakini mkono wake ulikuwa umeshika wa Awuor. "Ngoja. Shika hiyo beseni."

Akatoa simu kwenye aproni, akaflash mwanawe. Ikaita papo hapo.

"Mama, kuna nini?"

"Kuja."

"Niko na—"

"Nimesema kuja."

Kiarie alifika na gari la shule, lile la kibao cha L juu, akidhani kuna mgonjwa. Alikuta matakia ya sofa yote yameanikwa kwenye nyasi, mamake akiyapiga kwa fimbo upande wa mbali, na vitambaa vyeupe vyenye maua ya manjano vikidondosha maji kwenye kamba. Awuor alikuwa mlangoni, mikono yake ina povu. Akamweleza yote, tangu Isaiah.

Kiarie akavitazama vitambaa kwenye kamba.

"Unajua mimi nimekuwa nikipiga deki mara mbili kwa siku?" akasema. "Nilidhani nanuka."

"Hunuki, mpenzi. Unanuka malimau."

Wakacheka, na Awuor akalia akicheka. Kiarie akamfuta povu shavuni kwa ncha ya tai.

"Ungeniambia siku ya kwanza, pale dukani. Bado ningekuachia mashine."

"Sasa unajua. Kama unataka kwenda, nenda leo."

"Niende wapi na hapa ni kwetu?" Akamshika mikono. "Sikiza, Awuor. Nataka tuoane. Hiyo kapeti ya Kileleshwa itoke kabisa."

"Ni ya mwenye nyumba."

"Basi itabaki, utoke wewe. Kwangu ni simiti."

"Hakuna mtu anatoka mahali kabla wazee hawajaenda kwao msichana, kule Alego!" mama akapaza sauti kutoka kwenye matakia. Kumbe alikuwa anasikia kila kitu. Akaja akijipangusa mikono, fimbo kwapani. "Na shangazi zako nawajua, Kiarie. Watauliza kwao kuna ugonjwa gani."

Awuor akaacha kucheka.

"Hilo swali nitajibu mimi," mama akasema. "Nitawaambia kwao kuna kifua, kwetu kuna sukari, tumelingana. Asiyetaka asije kula."

Kisha akaingia ndani, akatoa kiti cha mbao kitupu, kisicho na takia wala kitambaa, akakipangusa kwa kitambara kibichi, akakiweka kivulini.

"Haya, maitu," akasema. "Kaa."