Mgongo wa Aidai

Kila asubuhi kabla ya shule, Aidai alikamua ng'ombe wao pale mji wa milimani wa Naryn huku Bibi Sayrakan akikanda unga wa mkate. Siku hizi kuinua ndoo kulimshinda. Akiinama tu, maumivu yalimchoma katikati ya mgongo.

"Mbona unatembea kama mimi?" bibi alimtania.

"Nimelala vibaya, Bibi."

Alikuwa anadanganya. Kwa miezi mitatu maumivu yalikuwa yakimkatisha usingizi. Lakini timu ya voliboli ya shule ilikuwa inakwenda kushindana Bishkek, mji mkuu, naye hakutaka kuachwa. Hata mama yake alipompeleka zahanati, alidai mgongo umeanza kuuma juzi. Akapewa dawa ya kuchua, akarudi mazoezini.

Wiki iliyofuata mguu wake wa kushoto ulikufa ganzi, akaanguka uwanjani. Safari hii walikwenda hospitali kubwa. Daktari Burulai, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliketi kando yake.

"Sikugombezi, mwanangu. Yalianza lini hasa?"

Aidai akamtazama mama yake, akalia, akasema yote.

Picha zilionyesha uvimbe kwenye pingili moja ya uti wa mgongo. Kipande kidogo cha mfupa kilichukuliwa kwa sindano, kikapimwa. Ilikuwa saratani ya mfupa, tena ya aina adimu.

"Inatibika," alisema daktari, "ila tutachoka kidogo."

Walichoka kweli. Kulikuwa na dawa za mishipani, upasuaji, mionzi, kisha kujifunza kutembea upya. Nywele za Aidai zilipodondoka, baba yake naye alinyoa kipara. Masikio ya baba yalivyochomoza, wodi nzima ilicheka hadi muuguzi akaja kuuliza kulikoni.

Mwaka uliofuata, wiki ya sikukuu ya Nooruz, picha mpya zilitoka safi. Bibi Sayrakan alimkumbatia Daktari Burulai hadi miwani ya daktari ikadondoka.

"Utanivunja mbavu, Bibi," daktari alicheka. Kisha akamgeukia Aidai. "Mashine zangu ni nzuri, lakini hazijui maumivu yalianza lini. Anayejua ni mwenye mwili. Ungeficha miezi miwili zaidi, huenda usingetembea tena. Ukiumwa, sema, na useme kama ilivyo."

"Nitasema, Daktari." Aidai akafikiri kidogo. "Sasa hivi nina njaa."

"Huo nao ni ukweli," alisema bibi, akamshika mkono, wakashuka ngazi kwenda kutafuta sambusa za moto.