Kiganja cha Mama Adunke

Jamani wenye wajukuu, sogeeni karibu, hili linawahusu.

Asubuhi ile uani kwetu Ogbomoso palikuwa pametulia. Nilikuwa nakaanga akara zangu za kunde, na jirani yangu Mama Adunke akimwimbia sifa mjukuu wake Ajani, kichanga aliyepatikana baada ya machozi mengi. Mara mtoto akakohoa. Amani ikaishia hapo.

Mama Adunke akaleta agbo, ile mizizi yetu ya kuchemsha. Akamlaza mtoto mapajani, akakinga kiganja mdomoni na kumimina. Ajani akafumba mdomo. Bibi akambana pua.

"Mama, tafadhali, mwachie pua," akasema Morenike, mama wa mtoto na mke wa mwanawe, akiwa amepiga magoti. "Analia, atapaliwa."

"Mke wetu, leo unanifundisha mimi kunywesha dawa? Mumeo nilimlea kwa kiganja hiki hiki. Mbona ana kifua kama mlango?"

Ua mzima ukacheka.

Mtoto akafungua mdomo kutafuta hewa, dawa ikaingia yote. Kilio kikakatika. Midomo ikawa rangi ya majivu.

"Ajani! Ajani wangu!" bibi akaita.

Morenike akamnyakua mtoto mapajani mwa mkwewe, jambo ambalo kwetu mke hathubutu. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kati ya mabega, kama akina mama walivyoonyeshwa kliniki. Hakuna kitu. Akapiga tena, na tena. Akara zangu ziliungua nikiwa nimesimama tu. Kisha dawa ikatoka puani, na Ajani akalia.

Ndugu zangu, ngoma za wafalme nimezisikia, lakini sijasikia sauti kubwa kama ile. Kumbe uhai wa mtu hupita kwenye njia nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho! Mama Adunke alikuwa akikitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Walimkimbiza hospitali, akatibiwa. Waliporudi na dawa ya daktari, bibi akasema polepole, "Mke wetu, hebu nionyeshe."

Morenike akamwonyesha. Bibi akamwinua mtoto kichwa, akaweka tone moja ndani ya shavu, akangoja. Ajani akameza.

"Mmeona?" akanong'ona, machozi yakimtoka. "Amemeza mwenyewe."

FUNZO

Dawa usiyoijua, waulize kwanza watu wa hospitali. Mtoto anayelia asinyweshwe kwa nguvu, wala asibanwe pua. Mama Adunke alimpenda Ajani kuliko sisi sote, na ni kiganja hicho cha mapenzi kilichotaka kumzika.