Barua Zilizorudi

Kila Alhamisi baada ya masomo, msichana mmoja wa darasa la saba alikwenda maktaba kumsaidia shangazi yake, mkutubi. Kazi yake ilikuwa moja: kutuma barua pepe ya maktaba kwa wasomaji mia mbili. Hesabu hiyo alishaitangaza kwa majivuno kwa darasa zima.

Kilichomkera ni zile zilizorudi. Hazijamaliza kutoka, majibu yameshamiminika: anwani haipo, kikasha kimejaa, anwani haipo. Tena wapo waliomwandikia, "Tafadhali niondoe kwenye orodha." Alizifuta zote bila kugusa orodha, maana kila jina likitoka, mia mbili yake ingepungua.

Alhamisi hiyo barua ilikuwa ya mwaliko. Jumamosi viongozi wa mji wangekuja kwa mkutano, na wasipokuta angalau watu hamsini wa kukitetea chumba cha watoto, kingegeuzwa stoo. Alituma, akangoja. Hadi Ijumaa hakuna hata mmoja aliyejibu kuwa atakuja.

"Mkutano gani?" rafiki yake alimshangaa. "Mama hajapata kitu."

Walipoitazama simu ya mama huyo, waliikuta barua kwenye barua taka, imebanwa kati ya matangazo ya dawa za kuotesha nywele. Msichana alirudi maktaba amefura kwa hasira.

"Shangazi, hii kompyuta ina kisirani na mimi."

"Kompyuta haina kosa. Zile zinazorudi huwa unazifanyaje?"

Msichana alitazama chini. Angeweza kusingizia mtandao, lakini alisema kweli.

"Huwa nazifuta. Na wanaotaka kutoka siwatoi. Nilitaka wabaki mia mbili."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. Alikasirika, na hakuficha.

"Mtu akiomba kutolewa ukampuuza, anabonyeza 'hii ni taka'. Wakibonyeza wengi, hata wanaotaka barua zetu hawazioni. Na wewe unayeziandikia anwani zilizokufa kila wiki, mitambo ya barua pepe inakuona tapeli. Mdharau mwiba mguu huota tende, mwanangu. Haya, kaa hapa."

Walichambua orodha jina kwa jina. Ilichosha, iliudhi, na kila alipofuta jina msichana alijisikia kunyang'anywa kitu. Yalibaki themanini na sita. Kwa kuwa barua haikuaminika tena, walichukua namba za simu kwenye kadi za uanachama wakawapigia wote, mpaka sauti ikamkauka msichana.

Jumamosi walikuja watu hamsini na wanne. Viongozi walihesabu, wakahesabu tena, wakakubali chumba kibaki.

Msichana alikuwa akirudisha viti alipomwambia shangazi yake, "Tumeponea chupuchupu. Wamezidi wanne tu."

"Tumeponea kwa sababu jana ulisema kweli," shangazi akajibu. "Ungesingizia mtandao, leo tungekuwa tunahamisha vitabu. Waliokuomba uwatoe nao walikuambia kweli, ukawazibia masikio. Asiyetaka barua yako mwache aende, ili anayeitaka aipate."

Msichana alikubali kwa kichwa, akaendelea kupanga viti vya watoto.