Akaunti ya Mama

Ninyi mlio na wazazi waliokula chumvi nyingi, hebu wekeni chini mlichoshika mnisikilize. Haya yalitokea katika nyumba isiyo na ulevi wala ugomvi, na aliyeyasababisha hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana yananiuma.

Ilikuwa nyumba ya amani kweli. Mama, fundi cherehani mstaafu, alikaa kila asubuhi dirishani penye mwanga, akitia viraka nguo za majirani kwa jicho moja. La pili lilikwisha kuzimwa na presha ya macho. Mwanawe alimletea chai na kumtungia uzi kwenye sindano, nao wakataniana kidogo. Mama alisema ameishi mpaka ameona maajabu: yeye aliyemvalisha huyu kaptula sasa anatungiwa uzi naye. Wakacheka, kisha mwana akaenda zake kazini.

Alikuwa na steshenari yenye mashine ya kopi, kompyuta mbili na foleni isiyokatika. Watu walimwita Mtaalamu, na jina hilo alilistahili. Aliyetaka kuomba kazi au chuo alifunguliwa barua pepe hapohapo, kwenye huduma nzuri inayojulikana, na asiye na simu Mtaalamu alimwazima namba yake mwenyewe kwa kujiandikisha. Mkono wake haukuwa mzito kwa mtu.

Basi daktari wa macho akasema jicho lililobaki linaweza kuokolewa kwa upasuaji, mradi wasichelewe. Mpasuaji alikuja hospitalini kwa vipindi tu, hivyo tarehe zilitumwa kwa barua pepe. Mgonjwa alipaswa kujibu, na asipojibu nafasi ilikwenda kwa mwingine. Karani alisisitiza kwamba kila mgonjwa awe na anwani yake, kwa kuwa majibu ya vipimo ni siri yake. Mama alicheka, akamwambia hilo halimsumbui, mtaalamu amemzaa mwenyewe.

Jioni hiyo, akifunga duka, Mtaalamu akajaribu kumfungulia mama akaunti kwenye ile huduma ya wateja wake. Ikamkatalia. Namba yake ya simu ilikwisha kutumika kwenye akaunti nyingi mno. Angeweza kutumia namba ya mama, lakini simu ya mama, ambayo ingepokea ujumbe wa uthibitisho, ilikuwa nyumbani, na yeye alikuwa na njaa. Akatafuta huduma nyingine ya bure, yoyote ile, akapata moja ambayo jina lake hakuwahi kulisikia. Haikuomba namba wala chochote. Masharti yalikuwa marefu, akabonyeza kukubali bila kusoma hata mstari mmoja, akaenda kula. Kesho yake anwani ile ikapelekwa kwa karani.

Sasa niwaulize, mteja angefanyiwa hivyo? Thubutu. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini huyu hakushindwa kujinyoa. Alichoka tu kumnyoa mama yake.

Siku za mwanzo aliifungua akaunti, akakuta matangazo matupu: dawa za kupunguza unene, bahati nasibu, viatu. Akayafuta, yakarudi maradufu. Mwisho akaacha kuangalia kabisa. Lakini mama alipouliza kama hospitali wameandika, alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye simu yake.

"Hakuna, mama. Wakiandika nitakwambia."

Alisema hivyo wiki baada ya wiki, na mama akaamini. Mtoto uliyemsomesha kwa sindano utamshuku kwa lipi?

Asubuhi moja mama alinyoosha mkono kuchukua kikombe, akakipiga kumbo, chai ikamwagika. Akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ukungu umeingia hata kwenye jicho hili. Mtaalamu akakimbilia dukani. Akaunti ikagoma kufunguka. Katika yale masharti asiyoyasoma, iliandikwa kuwa akaunti isiyotembelewa hufungwa. Kuirudisha kulihitaji namba ya simu iliyosajiliwa, na haikusajiliwa yoyote. Akatafuta wa kumpigia, lakini huduma ile haikuwa na ofisi wala simu wala mtu. Aliyewafungulia watu nusu ya mtaa alishindwa kuifungua ya mama yake.

Akamweleza mama kwamba akaunti imegoma, akamchukua wakaenda hospitali. Karani aligeuza kompyuta ili Mtaalamu ajionee mwenyewe.

"Tulimwandikia mara mbili, kaka. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilirudi."

"Na nafasi yake?"

"Amepewa mgonjwa mwingine. Tusingeweza kuiacha wazi."

Daktari alimpima mama taratibu, akarudia kupima, kisha akawaambia kwamba mshipa wa jicho umekufa na upasuaji hautarudisha kitu.

Njiani mama alimshika mwanawe mkono asijikwae. Mtaalamu alingoja kutukanwa, na angeshukuru kama angetukanwa. Walipofika nyumbani akamkalisha kitini. Mama akapapasa kitambaa cha meza, akauliza kwa sauti yake ya siku zote.

"Mwanangu, wale wateja wako, akaunti zao zinafunguka?"

"Zinafunguka, mama."

"Haya. Vizuri."

Leo mama haoni kabisa. Mtaalamu amemfungulia akaunti nyingine, ile nzuri, kwa namba ya mama mwenyewe, na huiangalia kila siku. Hospitali hawana tena cha kumwandikia.

FUNZO

Msiseme nimelaani vitu vya bure. Wengi wetu tunavitumia na vinatufaa. Ninachokilaani ni kumchagulia mzee kitu kwa sababu kinakupunguzia wewe kazi. Ukimfungulia mzazi wako barua pepe, soma masharti yake, na ujue ni nani atakayekusaidia ikikwama. Tumia namba yake, si yako. Mwonyeshe maandishi uone kama anayasoma, na kama hasomi, basi macho yake ni wewe, usiyafumbe. Na usithubutu kumwambia hakuna barua kabla hujatazama, kwa maana hana namna ya kukukagua.

Mteja akikosewa hurudi kudai haki yake. Mama hadai. Kwa hiyo kazi ya mama ifanywe kwanza, na ifanywe kama ya mtu atakayerudi kudai.