Yule Aliyeitwa Parachichi

Jumatano ile ilianza kama Jumatano zote. Ragnhild, jirani yangu ambaye bustani yake na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja mfupi, aliamka, akamnyonyesha mwanawe Asger, akapiga deki, kisha akatia mikate ya mdalasini kwenye oveni huku amenuna. Zamu ya kuwapokea wenzake ilikuwa imemfikia, na wageni wenyewe hakuwapenda.

Hakuwachagua, masikini. Muuguzi wa watoto wa manispaa ndiye aliyewapanga, kama anavyowapanga akina mama wote wa mji wetu wanaojifungua msimu mmoja, wakutane nyumba kwa nyumba, wanywe kahawa, wafarijiane. Wengine hupata humo marafiki wa kufa na kuzikana. Ragnhild alipata watu wa kuwacheka.

Na kucheka alijua, huyo. Alikuwa mwalimu wa historia, amesoma mpaka akasaza, na kila alichokitazama alikipa maksi. Malou alimbandika jina la Mshumaa, kwa sababu hakai mahali bila kuwasha mshumaa na kuupiga picha. Tilde akawa Sufu: mtoto wake alivikwa sufu kuanzia kofia hadi soksi, na ole wako umguse na kitambaa kingine. Wa tatu, aliyejiunga na kikundi kwa kuchelewa, akawa Parachichi. Huyo alisikia kwamba watoto wa siku hizi wanaanzishiwa parachichi, na tangu hapo bintiye Ellinor hakuonja kitu kingine. Siku alipojitambulisha, Ragnhild alikuwa ameinamia simu. Jina lake halisi likampita. Mwanzoni aliona haya kuuliza, baadaye hata haya yenyewe ikamtoka. Huku kwetu hakuna cha kumwita mtu Mama Fulani. Unamwita kwa jina lake au unanyamaza, naye alinyamaza.

Vuli hiyo wote watatu wakanunua koti la aina moja, refu, rangi ya uji, lenye kofia pana ya kujifunika. Nani alianza, Mungu ndiye anayejua. Wiki hii kalivaa Malou, wiki ijayo wamelivaa wote. Ragnhild akatoka nje kwenda bustanini, kigari cha Asger kando yake, akampigia dada yake simu wapate kucheka pamoja.

"Gudrun, we acha tu," alisema. "Wamekuwa kama wanafunzi na sare. Hawa ndio wale wanawake wa kinamasi aliotusimulia bibi. Mbele wazuri, ukiwageuza nyuma patupu, pamechimbwa kama karai la unga."

Nyuma ya bustani zetu kuna kinamasi. Wazee wa hapa hawapendi kuwataja watu wake, na wakiwataja, huwatajia ndani, milango imefungwa. Ragnhild alilijua hilo vilevile anavyojua vita vya zamani, kwa ajili ya mtihani tu.

Haya. Wageni wakafika, na ukungu nao ukafika. Wakavipanga vigari vya watoto nje ya dirisha la jikoni, watoto wamefunikwa gubigubi, maana mtoto wa huku hulala nje. Baridi humpa usingizi mzuri, wala hakuna mama anayejiuliza mara mbili. Wao wakaingia ndani. Malou akawasha mshumaa wake. Mazungumzo yakawa ya mito ya kunyonyeshea na rangi za ukuta, mpaka Ragnhild akakimbilia jikoni akisingizia kahawa.

Dirishani alimwona mmoja wao. Koti la uji, kofia imemfunika kichwa. Alikuwa amesimama kwenye kigari cha Asger, anakibembeza taratibu. Akainama. Akakaa ameinama kwa muda. Ragnhild hakuhangaika hata kumtazama usoni. Alijisemea ni hao hao, mmoja wao kamsikia mtoto anagugumia, basi na abembeze. Akamimina kahawa.

Akaingia sebuleni na sinia.

Malou alikuwepo. Tilde alikuwepo. Parachichi alikuwepo, anapangusa makombo mezani kwa kiganja. Makoti yao yote matatu yalikuwa yananing'inia mlangoni.

Sinia lilimponyoka. Alitoka mbio bila viatu, wenzake nyuma yake. Bustanini hapakuwa na mtu. Asger alikuwa ndani ya kigari, mzima, blanketi limenyooka, macho yake wazi. Wakamkumbatia Ragnhild, wakamwambia ni uchovu, kila mama hupitia hayo. Parachichi alirudi ndani peke yake, akapiga magoti na kuokota vipande vya vikombe.

Tangu siku hiyo mtoto hakulia.

Alinyonya wala hakushiba, na kinywa chake kilikuwa cha baridi hata ziwa likafa ganzi. Ukimwogesha, alinuka majani yaliyooza. Usiku alilala kimya, macho yamefunguka. Mumewe Ragnhild alishukuru kupata usingizi. Daktari alimpima akasema uzito ni mzuri, sasa unataka nini tena, mtoto asiyesumbua? Ragnhild alikwenda nyumbani akamweka kitandani, akamwambia usoni, "Wewe si wangu." Mtoto akamtazama kana kwamba anakubali.

Lililomtafuna zaidi ni hili: mwizi alimwona. Alisimama mbele yake mchana kweupe, kioo tu kati yao, naye hakumtazama kwa sababu alimdhania ni mmoja wa wale asiowaona kuwa watu.

Wenzake walikuja bila kuitwa. Tilde alileta nguo za sufu alizofuma kwa mkono wake, akasema labda anahisi baridi. Parachichi alileta sufuria ya uji wa mkate mweusi, na hakuwa na simu mkononi, hakuupiga picha. Alimpakata yule mtoto ingawa mikono ilimsisimka waziwazi, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyolala tangu juzi. Ragnhild alimtazama viwiko vikiwa ndani ya povu, akatamani kumshukuru kwa jina. Akasema tu, "Asante, mpenzi."

Malou ndiye aliyefunga mlango na kusema lililokuwa moyoni mwa wote. Bibi yake alitoka kisiwani, na kisiwani mambo haya hawayacheki.

"Huyo wa kinamasi aliyebadilisha watoto lazima arudi kumtazama wake," alinong'ona. "Tutasimama bustanini, migongo tumeielekeza nyumbani, naye atakuja kusimama nasi. Utatuita mmoja mmoja kwa jina. Anayeitwa anageuka. Atakayebaki ndiye asiye na jina, na asiye na jina hurudi kinamasini na yule mtoto aliyeletwa. Wako anarudi kigarini."

"Na nikikosea?"

"Utakoseaje, shoga? Si unatujua?"

Tilde hakuuliza kama ni upuuzi. Parachichi alikuwa tayari anavaa koti. Tabia yao iliyomchekesha Ragnhild miezi yote, kwamba mmoja akianza wengine hufuata, siku hiyo ndiyo iliyowatoa nje. Na yeye alijua, aliniambia, kwamba ingekuwa ni mtoto wa mmoja wao, asingetoka. Angempigia Gudrun simu.

Alitaka kuuliza jina hapo hapo. Alifumbua kinywa. Parachichi akamtazama kwa macho ya mtu anayemwamini, mikono bado ina harufu ya sabuni ya vyombo vyake, na haya ile iliyokuwa imemtoka ikarudi yote kwa mkupuo. Akaichungulia simu kwa siri. Kwenye simu alikuwa amemhifadhi: Parachichi. Atamvuta Malou pembeni, akajiambia. Lakini Malou alikuwa keshatoka, na nje ukungu ulikuwa umeshuka.

Watoto wao walikuwa kwa mume wa Malou. Kigari kilichokuwa nje kilikuwa kimoja tu, cha Asger. Wale watatu wakaenda mpaka mwisho wa bustani, wakavuta kofia, wakasimama kuelekea kinamasi. Ragnhild alibaki kwenye mlango wa jikoni.

Kimya. Hata ndege hawakusikika.

Akapangusa unyevu machoni. Alipotazama tena, migongo ilikuwa minne.

Akashika fremu ya mlango.

"Malou," aliita.

Mmoja akageuka. Malou, uso umempauka.

"Tilde."

Tilde akageuka. Alikuwa analia bila sauti.

Ikabaki miwili. Urefu mmoja. Koti moja. Matone yale yale ya ukungu mabegani. Ragnhild akatafuta kichwani. Akatafuta kwenye Jumatano zote, kwenye kahawa zote, kwenye kila neno alilowahi kuambiwa na yule mwanamke, na hakukumbuka, kwa sababu hakuwahi kusikiliza. Ulimini mwake palikuwa na neno moja tu. Malou akamkodolea macho: endelea. Ndani ya kigari, yule mtoto akacheka. Ndiyo mara ya kwanza.

"Parachichi," alinong'ona.

Mgongo wa kushoto ulishtuka kidogo, kama mtu asiyejua kama ndiye anayesemeshwa. Haukugeuka.

Wa kulia ukageuka.

Uso ulikuwa ni wa Parachichi, mpaka madoadoa ya puani. Ulikuwa unatabasamu tabasamu la mtu aliyepewa zawadi ambayo hakuitegemea.

"Nipo," ulisema.

Yule aliyebaki akaanza kutembea. Alikuja hadi kwenye kigari akipapasa kama mtu gizani, kofia imemziba uso, akamwinua mtoto aliyekuwa akicheka, akampakata vizuri, kichwa begani. Akaelekea kinamasini. Ukungu ulipomfika kiunoni alisimama.

"Ragnhild?" aliita, bila kugeuka. "Ragnhild, umeniita?"

Hapo jina likaja. Likaja zima, na sauti yake, na mchana ule wa kwanza: mimi naitwa Bolette, nimepewa jina la nyanya yangu. Lilikuwa limefika kwenye meno. Ilibaki kulitamka tu. Na wakati huo huo, ndani ya kigari kilichokuwa kitupu, Asger akalia. Kile kilio chake mwenyewe, cha hasira, cha kukwaruza, alichokuwa amekikosa mpaka akadhani atakufa.

Ragnhild akafunga mdomo.

Bolette akasubiri kidogo. Kisha ukungu ukamfunika.

Malou na Tilde walimbeba Asger juu juu kwa furaha. Waliona kila mwenzao ameitwa na kageuka, na asiye na jina kaondoka; ile sauti ya ukunguni wakaiona ni hila ya kinamasi tu, wangeshuku nini? Walimkumbatia na yule wa tatu. Walichouliza ni kwa nini Parachichi, Ragnhild akasema ni jina la utani, nao wakalipenda mno. Siku hizi wote wanamwita hivyo, hata mumewe. Jina jingine haitikii.

Kikundi bado kinakutana Jumatano. Parachichi huketi ameegemea ukuta na haondoki hapo mpaka wenzake wametangulia kutoka. Ukimsikiliza, anaongea mito na rangi za ukuta kuliko wote. Ellinor hulala nje na watoto wengine, na akibebwa na mama yake hulia mpaka anabadilika rangi. Wanasema anaota meno.

Mimi nimeyajua haya kwa sababu ya ule ukuta wetu mfupi. Niliona jinsi Jumatano ikifika kwa Ragnhild, yeye huwatangulia wenzake kutoka, tambara mkononi, na kupiga magoti kwenye vigae vya nje ya dirisha, kando ya kigari cha Ellinor. Siku moja nikasogea. Palikuwa na nyayo za mtu asiye na viatu, mbichi, zinatoka upande wa kinamasi mpaka kwenye kigari, na mbele ya kigari zilikuwa nyingi, za mtu aliyesimama kwa muda mrefu. Blanketi la mtoto lilikuwa limechomekewa vizuri kila upande. Mtoto mwenyewe alilala mdomo wazi, ameshiba.

Ragnhild hakukana. Alinisimulia yote palepale, kwa kunong'ona, bila kuacha kufuta. Nilimwuliza kwa nini hamwiti yule mama wa watu, na jina sasa analijua.

Aligeuka akamtazama Asger.

"Nikimwita atarudi," alisema. "Na huyu je?"

Akafuta unyayo wa mwisho, ule uliokuwa karibu kabisa na gurudumu, haraka, maana ndani tulisikia viti vinasogezwa. Kisha akalikamua tambara juu ya ndoo. Nilidhani yatatoka maji ya matope. Yalitoka meupe, ya vuguvugu, na yalinuka maziwa ya mama.