Sitaki Figo Yako

Duka la vifaa vya umeme lilifurika watu, na fundi alikuwa akigombania roli ya waya pale aliposhikwa bega. Alikuwa dada wa maabara ya hospitali.

"Kaka, mbona umeingia mitini?"

"Nimwogope nani?"

"Upasuaji! Vipimo vyako na vya mchumba wako vililingana wiki tatu zilizopita. Alichukua majibu, akasema atakuletea."

Fundi aliacha waya kaunta. Wiki tatu! Na mchumba wake mshonaji, mwenye sukari tangu utotoni na figo zilizokwisha kufa, alimwambia hawalingani kwa kipimo chochote, kisha akaacha kupokea simu zake.

Alimkuta dukani kwake kwenye cherehani, amevaa gauni la njano lenye mikono mirefu ya kuficha alama za sindano za kusafishia damu. Miguu ilikuwa imevimba, kandambili zinambana.

"Mwongo mkubwa we!"

"Salamu hujui?" Cherehani haikusimama.

"Umesema hatulingani!"

"Hatulingani. Wewe unakoroma."

"Unataka kufa?"

"Afadhali! Mama yako alisema mezani, mbele ya baba yangu, 'Huyu hakupendi, anapenda figo yako.' Nawe ukanywea, unatafuna tu. Sitaki figo yako, nisije nikasimangwa nayo hadi kaburini. Toka!"

Fundi aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Ni kweli alinyamaza. Akatoa simu, akaweka sauti ya juu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Natoa figo. Mwenzangu ameikataa, mimi ndiye ninayembembeleza."

"Umelogwa na yule mgonjwa?"

"Huyo mgonjwa ni mke wangu mtarajiwa. Ukimsema tena, mimi na wewe basi."

Simu ilikatwa upande wa pili. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Ungesema siku ile," mshonaji alisema, machozi yakimtoka kwa hasira.

"Niliogopa. Nisamehe."

"Sikusamehi."

"Basi pona kwanza, unichukie vizuri ukiwa na nguvu. Twende, daktari anatoka saa nane."

"Nikifia kitandani kule, mama yako atashangilia."

"Na nikifa mimi je?"

Mshonaji akamrukia, akamkamata kola kwa mikono miwili.

"Thubutu! Thubutu ufe uniache, mshenzi wewe! Nitakufuata huko huko!"

Hakumwachia kola. Wakafunga duka hivyo hivyo, fundi akihangaika na kufuli kwa mkono mmoja, majirani wakichungulia madirishani.